SPSS na R zinanipa robo tofauti kwa data ileile, halafu 1774 kwa watoto 1000 inawezekanaje?

nesi_mtarajiwa:

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo zenu. Nipo mwaka wa pili uuguzi, tuna somo la takwimu na utafiti, mwalimu katupa asaimenti ya vipande viwili na inakusanywa Ijumaa, nimekwama kotekote.

Kipande cha kwanza ni siku walizolazwa wagonjwa 11 wodi moja: 3, 1, 28, 4, 2, 6, 99, 3, 5, 2, 4. Tumeambiwa tumia programu yoyote, toa wastani, mediani (namba ya katikati), SD (standard deviation, data inavyotawanyika) na robo (quartiles), halafu useme kipi kinaielezea wodi. Huyo wa 99 nimemtoa kwanza maana simuelewi nikabaki na 10. Mimi natumia SPSS, rafiki yangu R. Wastani wote tumepata 5.8, mediani 3.5, SD 7.94, mpaka hapo safi. Kwenye robo ndo vurugu, yangu inasema robo ya kwanza 2 na ya tatu 5.25, yake 2.25 na 4.75. Na kwenye SPSS hiyohiyo nikipita Explore kuna mstari mwingine chini yake unasema 2 na 5!! Tumebadilishana laptopu tukaingiza upya, majibu yaleyale. Sasa ipi niandike?

Kipande cha pili ni kusoma makala ya jaribio la chanjo ya malaria, RTS,S, ile iliyotoka kwenye jarida la Lancet 2015, watoto 15,459 nchi 7, na kwetu ilifanyika Bagamoyo na Korogwe. Tunatakiwa tuyaeleze matokeo kwa Kiswahili cha kumwelewesha mama aliyekuja kliniki. Nilipokwama:

Ufanisi 36.3% kwa watoto wa miezi 5 mpaka 17 waliopata na dozi ya nyongeza, ina maana watoto 36 kati ya 100 hawaugui kabisa? Darasani wengi wameandika hivyo.

Halafu wanasema chanjo ilizuia matukio 1774 kwa kila watoto 1000. Watoto ni 1000, hao 774 wametoka wapi jamani

Na malaria kali kwa wasiopata nyongeza, ufanisi 1.1% na kwenye mabano −23.0 mpaka 20.5. Ufanisi wa hasi ndo nini, chanjo inaleta malaria?

Naombeni msaada, ila msinipe jibu la kunakili, mwalimu anauliza mdomoni.

---

Fundi_wa_Namba:

Karibu dada. Hapo kwenye robo wote mko sahihi, wala programu haijakosea. Mediani kila mtu anakubaliana nayo, ila robo wataalamu hawajawahi kukubaliana njia moja, R peke yake ina njia tisa ndani yake na yenyewe ukiiacha inatumia ya 7, SPSS inatumia ile ambayo R wanaiita ya 6.

Panga data yako uone kwa macho: 1, 2, 2, 3, 3, 4, 4, 5, 6, 28. Mko 10.

SPSS inachukua idadi inaongeza moja, inakuwa 11, inazidisha kwa 0.25, inapata nafasi ya 2.75. Yaani kati ya mtu wa pili na wa tatu. Wa pili ana 2, wa tatu ana 2, basi jibu 2. Robo ya tatu nafasi ni 8.25, wa nane ana 5, wa tisa ana 6, unasogea robo ya njia, 5.25. Ndo hiyo yako.

R yeye anatoa moja kwanza, 9 mara 0.25 ni 2.25, anaongeza moja, nafasi ya 3.25. Wa tatu 2, wa nne 3, unasogea robo, 2.25. Kule juu nafasi 7.75, wa saba 4 wa nane 5, unapata 4.75. Ndo hiyo ya mwenzako.

Na ule mstari wa chini wa Explore ni bawaba za Tukey, hapo unakata data nusu kwa nusu halafu unachukua mediani ya kila nusu, watano wa chini mediani 2, watano wa juu mediani 5. Kwisha.

Mwambie rafiki yako aandike hivi kwenye R aone anavyokufuata:

siku <- c(3,1,28,4,2,6,3,5,2,4)
quantile(siku, type = 6)

Atapata 2 na 5.25 zako. Ukiwa na Excel pia ina zote mbili, QUARTILE.INC inafuata R na QUARTILE.EXC inafuata SPSS. Wagonjwa wakiwa mia tano hutaiona hii tofauti, inaonekana kwa sababu mko kumi. Kwenye ripoti taja programu na njia uliyotumia, mwalimu akikuuliza mdomoni mchoree hiyo ya nafasi ya 2.75 atakaa kimya mwenyewe.

---

mzee_wa_histogramu:

Fundi kamaliza ya robo. Mimi niongeze yale ambayo hujauliza na ndo yenye maksi.

Kwanza 99. Hiyo sio siku, ni kodi (code, namba ya alama). Watu wa rekodi wakikosa taarifa wanajaza 99 au 999, huenda faili halina tarehe ya kutoka. Kumtoa uko sawa ila usimfute kwa kudelete mstari, maana kesho hujui alikuwepo. Kwenye SPSS nenda Variable View, safu ya Missing, mwambie 99 ni taarifa isiyopatikana, atabaki kwenye faili lakini hahesabiwi. Kwenye R mpe NA halafu kwenye mean weka na.rm = TRUE. Na ukiandika useme wagonjwa 11, waliochambuliwa 10, mmoja hana taarifa. Ukimsahau humo ndani wastani unaruka mpaka 14.3, mediani inasogea nusu siku tu inakuwa 4. Jaribu mwenyewe. Nimeona ripoti zenye wastani wa umri wa ajabu kumbe kuna 999 kadhaa zimelala humo, na ripoti ina saini tatu.

Pili, angalia SD yako na wastani wako kwa pamoja. 5.8 toa 7.94 unapata hasi mbili na kitu. Mgonjwa gani amelazwa siku hasi mbili? Siku haziwezi kwenda chini ya sifuri, kwa hiyo SD ikiwa kubwa kuliko wastani kwenye kitu cha namna hiyo, jua data imelalia upande mmoja hata kabla hujachora histogramu (lakini chora). Anayevuta ni yule wa 28. Tisa kati ya kumi wamelazwa siku 6 au chini, halafu wastani unakwambia 5.8 kama vile ndo mgonjwa wa kawaida wa pale. Sio. Mgonjwa wa kawaida wa pale analala siku tatu nne. Hapo andika mediani 3.5 na robo zake.

Tatu, USIMTOE wa 28. Najua kuna mtu atakwambia ni autilaya (namba iliyo mbali na wenzake) mfute. 99 ni kodi, 28 ni mtu, labda kaungua, labda kavunjika paja anasubiri upasuaji. Rudi kwenye faili uthibitishe, kama ni kweli anabaki. Na kama swali lingekuwa la matroni anayepanga vitanda na chakula wastani ndo ungemfaa, maana ukizidisha 5.8 kwa wagonjwa 10 unapata siku 58 za vitanda zilizotumika, mediani haikupi hiyo. Kwa hiyo "kipi kinaielezea wodi" inategemea anayeuliza ni nani, hilo ndo jibu analotaka mwalimu wako kama ni mwalimu mzuri.

Kuna na hii watu wanapigwa chenga kwenye makala. Unaona wameandika 5.8 ± 2.5, unasema aah data imetulia. Angalia chini ya jedwali kama ni SD au SE (standard error). Hapa SD ni 7.94, ukigawa kwa mzizi wa 10 unapata SE 2.51. Data ileile, sura mbili. SD inakwambia wagonjwa wanatofautiana kiasi gani, SE inakwambia huo wastani wako umeukadiria kwa uhakika gani. Mwandishi asiyetaka aibu anaweka ile ndogo na hasemi ni ipi.

---

kijana_wa_jamovi:

Mzee umenena. Nje ya mada kidogo, dada kama hiyo SPSS ni ya kreki kwenye flashi ya mwanafunzi mwenzio achana nayo, shusha jamovi au JASP, ni za bure kabisa na zinafanana na SPSS kwa menyu. PSPP nayo ipo nyepesi kwa laptopu ya zamani. Laptopu zimeumwa virusi kwa ajili ya takwimu za wagonjwa kumi 😂

---

dala_ya_Kisumu:

Habari zenu majirani, mimi niko upande wa Kenya, hiyo chanjo tunaijua vizuri maana ilijaribiwa huku pia, Kilifi, Siaya na Kombewa. Wacha nijaribu kipande cha pili.

Hiyo 36.3%, wenzako darasani wamekosea lakini sio wao tu, hata magazeti yaliandika hivyo hivyo. Haisemi watoto 36 wamekingwa na 64 wameachwa. Walichohesabu ni vipindi vya kuugua, sio vichwa vya watoto. Kulikuwa na kundi la kulinganisha, hao hawakuchomwa maji, walichomwa chanjo nyingine, kwa umri huo walipewa ya kichaa cha mbwa. Sasa kila vipindi 100 vya malaria kwa kundi hilo, kundi la dozi nne (tatu na ya nyongeza) walipata kama 64. Mtoto aliyechanjwa bado anaweza kuugua, ila kwa jumla wanaugua mara chache zaidi. Kwa mama wa kliniki ningemwambia hivi, "mtoto bado anaweza kupata malaria, lakini watoto waliochanjwa waliugua pungufu kwa zaidi kidogo ya theluthi, kwa hiyo chandarua usikiache".

Ukishaelewa hapo 1774 inajifungua yenyewe. Mtoto wa Siaya anaweza kuugua malaria mara tatu kwa mwaka mmoja, na hawa walifuatiliwa mediani miezi 48. Watoto 1000 kwa miaka kama minne wanaweza kuwa na vipindi vya malaria maelfu, na ukipunguza 1774 humo bado vinabaki vingi. Kwa mtoto mmoja mmoja ni kama vipindi viwili pungufu kwa miaka hiyo yote. Wasiopata nyongeza ilikuwa 1363.

Na uangalie kipindi kimehesabiwaje, hii wewe kama nesi itakufaa. Mtoto ni lazima awe ameletwa kituoni, joto 37.5 au zaidi, na vimelea zaidi ya 5000 kwa maikrolita ya damu. Yule mama aliyempa dawa nyumbani homa ikaisha hayumo. Yule mwenye vimelea 3000 hayumo, labda awe na malaria kali. Sisemi wamekosea, kila utafiti lazima uchore mstari mahali, lakini namba zote hizo zinasimama juu ya huo mstari.

Kitu kingine, 1774 ni ya vituo vyote 11 pamoja. Kilifi na Korogwe malaria ilikuwa chini, Siaya na Kombewa ilikuwa juu sana. Ni yale yale ya mzee na mgonjwa wake wa siku 28, sehemu zenye malaria nyingi zinavuta namba juu. Ukimwambia mama wa Korogwe kwamba kwake itazuia 1774 kwa kila watoto 1000 umemdanganya bila kujua.

---

Msema_Kweli_Daima:

Mnazunguka sana. Mtihani ukipata 36 umefeli. Chanjo ya asilimia 36 ni feli, watafute nyingine.

---

dala_ya_Kisumu:

@Msema_Kweli_Daima ndugu, alama ya mtihani ni kati ya kile ulichoulizwa, hii ni kupungua kwa ugonjwa ukilinganisha na wasioipata chanjo hiyo, na wengi wa makundi yote mawili wana vyandarua na wanatibiwa. Theluthi ya ugonjwa mdogo ni kidogo. Theluthi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano Afrika ni wodi nzima kila mahali. Shirika la Afya Duniani waliipendekeza Oktoba 2021 baada ya majaribio ya kuitoa kwenye kliniki za kawaida Ghana, Kenya na Malawi kuanzia 2019, na walikuwa na hiyo 36 mkononi.

Ukitaka kuilaumu ilaumu pale inapostahili. Ufanisi unashuka muda ukienda, na kwa wachanga walioanza wiki 6 mpaka 12 ilikuwa 25.9% hata na nyongeza. Hiyo ni hoja.

---

Fundi_wa_Namba:

Imebaki ile ya hasi. Dada, 1.1% ni kadirio, hizo za kwenye mabano ni CI (confidence interval, masafa ya uhakika) ya 95%. Kwa lugha ya nyumbani, data waliyonayo inaendana na chanjo kupunguza malaria kali kwa 20.5%, inaendana pia na kuongeza kwa 23%, na kila kilichopo katikati, sifuri ikiwemo. Maana yake kwa dozi tatu bila nyongeza hawana ushahidi kwamba ilikinga malaria kali kwa kipindi chote cha utafiti. Usiandike "chanjo inaleta malaria kali", na usiandike "imethibitika haifanyi kitu", zote mbili umezidisha.

Sasa iweke pembeni ya wale waliopata nyongeza: 32.2%, CI 13.7 mpaka 46.9. Hii yote ipo juu ya sifuri, lakini ona ilivyo pana, kutoka 13 mpaka 46. Linganisha na ile ya malaria ya kawaida, 36.3, CI 31.8 mpaka 40.5, imebana. Kwa nini? Watoto ni walewale. Ni kwamba malaria kali hutokea mara chache, na unachohesabu kikiwa kichache uhakika unapungua hata ukiwa na watoto maelfu. Mwalimu akikuuliza kitu kimoja mdomoni nadhani ni hicho.

Ukisoma CI jifunze kusoma ncha zake mbili kwanza halafu ndo urudi katikati. Wengi wanasoma namba ya katikati wanafunga makala.

---

dala_ya_Kisumu:

Kama bado una muda kabla ya Ijumaa, kuna zoezi zuri la hapa kwetu, jaribio la tohara na HIV Kisumu, Lancet 2007. Wanaume 2784 wa miaka 18 mpaka 24, waliopangiwa tohara 1391, waliopangiwa kusubiri 1393. Walioambukizwa 22 na 47. Gawa mwenyewe kwenye kikokotoo cha simu: 1.58% na 3.37%, uwiano 0.47, ndo ile "tohara inapunguza maambukizi kwa 53%" iliyosikika kwenye redio zote.

Lakini makala yenyewe inasema 2.1% na 4.2% kwa miaka miwili, utashangaa mbona zako haziendani. Ni kwamba jaribio lilisimamishwa mapema Desemba 2006 na sio wote walikuwa wamefikisha miezi 24, sasa ukigawa kwa 1391 wote unawahesabu kana kwamba kila mmoja alifuatiliwa miaka miwili. Wao walipiga hesabu inayoheshimu muda wa kila mtu.

Halafu toa 2.1 kwenye 4.2, tofauti ni pointi 2.1. Moja gawa kwa 0.021 ni kama 48, yaani wanaume kama 48 watahiriwe ili kuzuia ambukizo moja kwa miaka miwili. 53% na 48 ni matokeo yale yale kabisa, ila mpe mtu moja tu uone atakavyoamua tofauti. CI ya ile 53 ni 22 mpaka 72, isome ncha zote venye Fundi amesema.

---

nesi_mtarajiwa:

Asanteni sana jamani Mungu awabariki. Type = 6 imekubali, rafiki yangu kapata 2 na 5.25 kaishiwa maneno. Ile 99 nimeiweka Missing na histogramu nimechora, huyo wa 28 yuko peke yake huko mwisho utamhurumia.

Nimeandika hivi kwa ajili ya mama wa kliniki, naomba mnikosoe: "Watoto wa miezi 5 hadi 17 waliochanjwa dozi nne waliugua malaria mara chache kuliko wasiochanjwa, pungufu kwa kama 36 kwa kila vipindi 100, na kipimo halisi kinaweza kuwa kati ya 32 na 41. Mtoto aliyechanjwa anaweza bado kuugua, aendelee kulala kwenye chandarua, na dozi ya nyongeza asiikose kwa sababu bila hiyo hakukuonekana kinga dhidi ya malaria kali kwa kipindi chote cha utafiti."

---

mzee_wa_histogramu:

Nzuri. Mambo mawili. "Wasiochanjwa" sio kweli, walichanjwa kitu kingine, andika "waliopata chanjo nyingine isiyo ya malaria". Na sentensi ya kwanza haina muda, weka "kwa miaka kama minne", maana umeambiwa ufanisi unashuka, asilimia bila muda mama atadhani ni ya maisha.

Ile 32 na 41 iache hivyohivyo kwa mama, ila kwa mwalimu weka 31.8 na 40.5. Na juu ya jedwali la kipande cha kwanza usisahau: n = 10 kati ya 11.